Biashara ndogo na mitandao ya kijamii: chagua mmoja, halafu ushike daftari

Leo tuweke kando mambo ya seva na programu tuzungumze biashara. Hakuna swali ninaloulizwa na watu wenye maduka, saluni na karakana kama hili: nifungue akaunti wapi? Facebook, Instagram, TikTok, WhatsApp, X, au zote kwa pamoja? Wananiuliza mimi kwa sababu wanajua nimesomea kompyuta, na wanadhani jibu ni la kompyuta. Sivyo. Jibu ni la biashara, na sehemu ndogo tu ndiyo ya kompyuta.

Ukimuuliza mtu anayejiita mtaalamu wa mauzo ya mtandaoni, atakwambia uwe kila mahali. Mimi nasema hilo ni jibu baya kwa mtu mwenye duka moja, simu moja na mikono miwili. Msimamo wangu ni huu: chagua mtandao mmoja wa kuonekana, tumia WhatsApp kuzungumza na wateja na kuuza, na orodha ya wateja wako uiweke mahali ambapo hakuna kampuni ya kigeni inayoweza kuifunga. Hilo la tatu ndilo watu husahau, na ndilo lenye uzito kuliko yale mawili ya kwanza.

Nieleze kwa nini.

Kuwa kila mahali ni kutokuwa popote

Kila mtandao una kazi yake unayotaka ufanye. TikTok inataka video. Instagram inataka picha safi na video fupi. Facebook inataka mazungumzo. X inataka maneno makali na majibu ya haraka. Sasa mchukue mama anayeuza nguo za mitumba. Anaamka alfajiri kwenda Gikomba kuchagua bale linapofunguliwa, anarudi anafua, anapiga pasi, anatundika, anauza. Halafu apige nguo moja picha ya Instagram, aitengenezee video ya TikTok, aiandikie maelezo ya Facebook, na ajibu ujumbe kwenye inboksi nne? Bando itaisha kabla ya nguvu kuisha, au nguvu kabla ya bando.

Mteja naye hangoji. Akiuliza bei jioni na kujibiwa kesho yake saa sita mchana, ameshanunua kwingine. Na akaunti iliyolala ni mbaya kuliko kutokuwa na akaunti. Mtu akikuta kitu cha mwisho ulichobandika ni salamu za Krismasi ya miaka miwili iliyopita, anadhani ulifunga duka.

Jambo lingine ni hili la wafuasi. Watu wanahesabu wafuasi kana kwamba ni wateja. Mfuasi ni mtu aliyebonyeza mara moja. Atakachoona kesho kwenye simu yake kinaamuliwa na programu ya mtandao wenyewe, inayopanga nini kije juu na nini kizikwe chini. Tarehe 11 Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza mambo ya marafiki na jamaa kuliko ya kurasa za biashara na vyombo vya habari. Wafanyabiashara waliokuwa wamelipia matangazo miaka mingi ili kurasa zao zipate wafuasi maelfu walijikuta wanatakiwa walipe tena ili wafuasi wale wale waone walichoandika. Ungetaka kulalamika ungelalamika kwa nani? Ukurasa ulikuwa wao.

Wewe ni mpangaji tu

Ukurasa wako wa mtandao wa kijamii ni chumba cha kupanga. Mwenye ploti anaweza kupandisha kodi, kubadilisha kufuli, kuuza ploti au kuibomoa. Haya si maneno ya kutishana, yamekwisha kutokea.

Google+ ilizinduliwa mwaka 2011 ikiwa na kampuni tajiri sana nyuma yake. Tarehe 2 Aprili 2019 ilifungwa kwa watumiaji wa kawaida, na kurasa zikafutwa. Hapa kwetu watu wengi walizoea kuuza vitu kwenye OLX. Mwaka 2019 Jiji ilinunua biashara ya OLX katika nchi 5 za Afrika, Kenya ikiwemo. Kule India, mwisho wa Juni 2020 serikali ilipiga marufuku TikTok, na wauzaji wadogo waliokuwa wamejenga jina huko kwa miaka wakalala na wafuasi wakaamka bila. Na usiseme India ni mbali: Agosti 2023 ombi la kupiga marufuku TikTok lilifika Bunge letu hapa Nairobi. Halikufaulu, lakini lilifika. Novemba 2023, na tena Novemba 2024, Telegram ilizuiwa nchini wakati wa mitihani ya kitaifa. Aliyekuwa akiuzia humo alilipia dhambi za wezi wa mitihani.

Halafu kuna ile jioni ya Jumatatu, tarehe 4 Oktoba 2021. Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa muda wa saa 6 hivi. Watu wengi walidhani ni wadukuzi. Haikuwa hivyo. Wahandisi wao walikuwa kwenye kazi ya kawaida ya matengenezo, amri moja ikakata mawasiliano kati ya vituo vyao vya data, na chombo kilichopaswa kuizuia amri hiyo kilikuwa na kasoro. Seva zinazotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani zilipoona zimetengwa, ziliacha kuutangazia ulimwengu njia ya kuzifikia. Ni kama mtu kung'oa mabango yote ya barabarani yanayoelekeza kwako: nyumba ipo, taa zinawaka, lakini hakuna anayejua njia.

Somo la siku hiyo kwa mwenye duka ni moja, na wengi hawakulishika. Ukiwa na akaunti Facebook, Instagram na WhatsApp, unajiona umejipanga vizuri kwa sababu uko sehemu tatu. La hasha. Umepanga vyumba vitatu kwa mwenye nyumba mmoja. Facebook ilinunua Instagram mwaka 2012 na WhatsApp mwaka 2014, na leo zote ziko chini ya Meta. Stima ikikatwa, inakatika vyumba vyote.

Basi nichague upi?

Mimi hutumia maswali matatu.

La kwanza: mteja wako ananunua kwa macho, kwa haja, au kwa kuamini?

Anayenunua kwa macho ni yule wa nguo, viatu, keki, kusuka nywele, samani na mapazia. Akikiona anakitaka. Huyu mtafute Instagram au TikTok. Ukiniuliza kati ya hizo mbili, anayeanza leo bila mfuasi hata mmoja ana nafasi nzuri zaidi TikTok, kwa sababu video zake huonyeshwa hata watu wasiomfuata. Kwenye Instagram kazi yako inakaa kwa mpangilio kama albamu, na mteja anaweza kurudi nyuma akaona ulichofanya mwaka mzima. Fundi wa samani anahitaji albamu. Muuza viatu vya leo leo anahitaji kuonekana leo.

Anayenunua kwa haja ni yule ambaye bomba limepasuka, friji imekufa na nyama ndani, au gari limezimika barabarani. Hakuna mtu anayemfuata fundi bomba kwa kujifurahisha. Anamtafuta siku ya shida, na anamtafuta Google. Kwa hiyo fundi bomba, fundi friji, mekanika na mwenye duka la dawa, wasipoteze usiku wao kuchezacheza mbele ya kamera. Waandikishe biashara kwenye ramani ya Google, ni bure, wajaze saa za kazi, namba ya simu na picha za kweli, na kila mteja aliyeridhika waombe aandike maneno mawili pale. Najua ramani si mtandao wa kijamii. Ndiyo maana watu hawaisemi, na ndiyo maana fundi anayeitumia vizuri anawashinda wenzake.

Anayenunua kwa kuamini ni mzazi anayetafuta mwalimu wa ziada au mahali pa kumwacha mtoto mchana, au mkulima anayetafuta vifaranga na mbegu. Huyu hataki picha nzuri, anataka mtu anayemjua amwambie "huyo ni mzuri". Kwake makundi ya Facebook ya mtaa au ya wakulima, na makundi ya WhatsApp ya wakazi, yana nguvu kuliko tangazo lolote la kulipia. Lakini uwe mwanakundi kweli. Jibu maswali ya watu hata yasiyokuletea pesa. Anayeingia kwenye kundi kubandika bei na kutoka huondolewa, na anastahili.

La pili: mzigo wako unasafiri umbali gani? Video ya chipsi za Nakuru ikitazamwa na watu wengi wa Mombasa na Dubai, umepata sifa, hukupata wateja. Lakini anayeuza viatu anaweza kufunga kifurushi akakituma kwa basi mpaka Kitale au Garissa, na kwake mtazamaji wa mbali ni mteja. Pima mtandao kwa wale wanaoweza kukufikia au uwafikie. Wengine ni kelele.

La tatu: ni kazi gani unaweza kuifanya miezi 6 bila kuchoka? Kama unaona haya mbele ya kamera, TikTok itakutesa bure. Kama unaandika vizuri na huna picha, Instagram haikufai. Mtandao unaouweza vizuri ni bora kuliko mtandao mkubwa unaokushinda.

WhatsApp ndiyo kaunta

Mtandao uliochagua ni dirisha la duka. Mauzo yenyewe hapa Kenya yanafanyika WhatsApp, na malipo M-Pesa. Usipigane na hilo. Tangu Januari 2018 kuna programu ya WhatsApp Business, ni bure, na mwaka 2019 iliongezewa katalogi ya bidhaa na bei zake. Unaweza kuweka majibu ya haraka kwa maswali yale yale ya kila siku, na alama za kutenganisha aliyelipa na ambaye bado.

Ukituma ujumbe kwa orodha ya wateja wengi kwa mara moja, kila orodha inabeba watu 256, na unamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Kwa hiyo unapomfungia mteja mzigo, mwombe hapo hapo akuhifadhi. Ni sekunde kumi, na zina faida kuliko wafuasi mia wapya.

Na jamani, wekeni bei! Hii tabia ya kuandika "bei inboksi" imetuchosha. Mteja haoni kwamba una siri ya biashara, anaona kwamba unataka kumwangalia usoni kabla ya kumpangia bei. Wengi hawaulizi, wanapita. Anayekuja akiwa ameshaona bei amekuja kununua, na anakuokolea muda wa kujibu watu thelathini ambao hawangenunua.

Daftari

Sasa tufike kwenye lile la tatu. Nunua daftari, la karatasi au faili kwenye kompyuta, vyote sawa. Andika safu tano: jina, namba ya simu, alinunua nini, lini, na alitupata wapi. Basi. Mimi nalipwa kutengeneza mifumo ya kompyuta na ninakwambia kwamba hakuna mfumo utakaokusaidia mwaka wa kwanza kuliko daftari hilo.

Usitegemee ujumbe wa M-Pesa kukutunzia namba. Ukilipwa kupitia Lipa na M-Pesa siku hizi namba ya mteja huja ikiwa imefichwa sehemu, na ni haki yake. Muulize. Mwambie utamtumia ujumbe ukipata mzigo mpya, na kwamba akisema acha utaacha. Anayekubali ni mteja wako kweli, kuliko mfuasi yeyote.

Siku WhatsApp itakapozimika tena, unao ujumbe mfupi wa kawaida, na huo unafika hata kwa mteja mwenye kabambe. Siku ambayo intaneti yenyewe inasumbua, kama ilivyotokea nchini jioni ya tarehe 25 Juni 2024, unaweza kupiga simu. Daftari lina namba. Ukurasa una picha ndogo za watu usiojua wanaishi wapi.

Lakini kumbuka kwamba daftari la majina na namba za watu lina sheria yake. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na si pambo. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kubandika picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa yake, na shule moja ikatozwa shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Msusi anayepiga picha kila kichwa kinachotoka saluni na kukibandika, hilo linamhusu. Omba ruhusa, ikiwezekana kwa ujumbe wa maandishi ubaki nao. Na namba za wateja usimpe wala usimuuzie mtu.

Funguo ziko kwa nani?

Hapa ndipo sehemu ya kompyuta inapoingia. Biashara nyingi ndogo zilifunguliwa akaunti na mpwa, au kijana wa dukani, kwa barua pepe yake na simu yake. Siku kijana anapopata kazi kwingine, au mnapokosana, anaondoka na duka zima la mtandaoni, na kumthibitishia mwenye mtandao kwamba biashara ni yako inaweza kuchukua miezi. Fungua akaunti kwa barua pepe ya biashara ambayo wewe mwenyewe unajua paswadi yake. Nunua laini ya biashara iliyosajiliwa kwa jina lako. Washa uthibitisho wa hatua mbili kila mahali, pamoja na ile PIN ya WhatsApp. Na ukipigiwa simu na mtu anayekuomba namba ya tarakimu sita iliyokuja kwa ujumbe, usimpe, hata akijua jina la mama yako.

Majina ya simu yako yanakiliwe kwenye akaunti ya barua pepe, na daftari la karatasi lipigwe picha kila mwisho wa mwezi. Simu huibwa, daftari hulowa.

Pima kwa shilingi, si kwa laiki

Kwa siku 30, muulize kila mteja mpya swali moja: umetupata wapi? Mwisho wa mwezi jumlisha ulichotumia kila mahali, bando na matangazo, ugawanye kwa wateja waliotoka huko. Tuseme Instagram ilikula shilingi 2,500 ikaleta wateja 5. Kila mmoja amekugharimu 500. Kundi la mtaa lilikula bando ya 600 likaleta 4, kila mmoja 150. Kama faida yako kwa mteja ni 300, basi Instagram inakulia mtaji hata kama picha zinapendwa na mia nane, isipokuwa daftari likuonyeshe kwamba wateja wale wa Instagram wanarudi kununua tena. Bila daftari hutajua. Unaona linavyofanya kazi?

Najua kuna atakayeniambia kwamba anamjua mtu aliyepata jina kwa video moja, akauza stoo nzima kwa wiki. Wapo, na siwaonei kijicho. Swali langu ni nini kilibaki mwezi wa pili. Aliyewapeleka wale watu WhatsApp na kuwaandika daftarini bado anawauzia. Asiyefanya hivyo anangoja video nyingine ipate bahati, na bahati haina tarehe.

Na kuna atakayeuliza mbona mimi mtengenezaji wa programu sisemi ajenge programu yake ya simu. Kwa sababu mteja hataweka programu ya duka la sufuria kwenye simu iliyojaa picha za familia. Tovuti ya ukurasa mmoja yenye jina lako la .co.ke, saa za kazi, bei na namba ya simu, hiyo nakubali, maana jina hilo ukilipia kila mwaka ni lako na unaweza kulihamishia kwa kampuni nyingine ya kuhifadhi tovuti ukitaka. Lakini hata hiyo ije baada ya daftari, si kabla.

Kwa hiyo wiki hii usifungue akaunti mpya. Jibu yale maswali matatu, ziage kwa heshima zile akaunti zilizolala kwa kubandika namba ya kukupata, bakisha moja, halafu nenda kanunue daftari. La kurasa mia mbili linatosha kuanzia.

Haya, kazi kwenu. Mpaka wakati mwingine.